Ujumbe Ukija Mara Mbili: Mwongozo wa Kuandika Operesheni ya Malipo

Mzazi yuko dirishani benki analipa ada. Karani amebonyeza kitufe, skrini imezunguka nusu dakika, kisha imeandika kwamba huduma haipatikani. Je, malipo yamefika chuoni au hayajafika? Karani hajui, na mfumo wa benki nao haujui. Ombi liliondoka, jibu halikurudi, na ukiwa upande wa benki huwezi kutofautisha ombi lililopotea likienda na jibu lililopotea likirudi. Foleni ni ndefu. Karani atabonyeza tena.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa kazi ya kuandika kile kinachopokea mbonyezo huo, na ule wa pili. Tuchukue chuo binafsi kinachopokea ada kupitia benki mbili au tatu. Chuoni kuna mfumo wa uhasibu wa miaka mingi ambao hakuna anayetaka kuugusa. Kati yake na benki umeweka programu ya kuunganisha mifumo. Hapa nitatumia Apache Camel pamoja na Apache CXF kwa sababu zote mbili ni programu huria na unaweza kuanza nazo leo kwenye kompyuta yako bila kuomba leseni. Ukiwa na WSO2, MuleSoft au BizTalk, majina ya vipande yatabadilika ila maamuzi yatabaki haya haya. Benki zinaita huduma yako kwa SOAP. Najua waliozoea REST na JSON wanaiona SOAP kuwa ya zamani, na kweli toleo la 1.1 lilitoka mwaka 2000, lakini ukienda kuunganisha mfumo na benki jiandae kuikuta.

Mkataba kwanza, msimbo baadaye

Kuna njia mbili za kupata faili la WSDL, yaani mkataba unaoeleza operesheni zako na umbo la ujumbe wake. Ya kwanza ni kuandika darasa la Java na kuiacha programu ikuzalishie mkataba. Inavutia kwa sababu saa moja tu baadaye una kitu kinachojibu. Usiifuate. Siku utakayobadilisha jina la kigezo ndani ya msimbo wako, mkataba utabadilika bila wewe kukusudia, na benki itaanza kupata makosa isiyoyaelewa. Andika WSDL na skima yake kwa mkono, kaa na wahandisi wa benki mzisome pamoja mstari kwa mstari, mkubaliane, ndipo utumie wsdl2java ya CXF kuzalisha madarasa. Mtindo uwe wa hati na maandishi halisi, ule unaoitwa document/literal, maana ndio unaosumbua kidogo zaidi pale mfumo wa Java unapozungumza na mfumo wa .NET.

Operesheni tatu zinatosha. UliziaDeni inapokea kumbukumbu namba na kurudisha jina la mwanafunzi na kiasi anachodaiwa, ili karani amsomee mzazi kabla ya kupokea fedha. PokeaMalipo inaarifu kwamba fedha zimelipwa. UliziaMuamala inajibu swali moja: ule muamala namba fulani, mnao au hamnao? Hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo itakayowaokoa benki wanapokosa jibu. Usikubali kuingia kazini bila hiyo.

Huu ndio mwili wa ujumbe wa PokeaMalipo:

<PokeaMalipo>
  <benki>B01</benki>
  <nambaMuamala>FT24183K7Q2</nambaMuamala>
  <kumbukumbuNamba>004512087</kumbukumbuNamba>
  <kiasi>850000.00</kiasi>
  <sarafu>TZS</sarafu>
  <wakati>2024-07-01T01:30:12+03:00</wakati>
</PokeaMalipo>

Uangalie polepole, kwa maana karibu kila mstari una mtego wake.

Kumbukumbu namba inaanza na sifuri mbili. Ukiitangaza kwenye skima kuwa namba kamili, kuna mfumo njiani utakaozifuta sifuri hizo, na 4512087 haitampata mwanafunzi yeyote. Itangaze kuwa maandishi yenye tarakimu 9, wala usiruhusu 8 wala 10. Kiasi kiwe desimali yenye tarakimu zisizozidi mbili baada ya nukta. Aina ya desimali ya XML haikubali mkato wa maelfu, kwa hiyo 850,000.00 itakataliwa mlangoni, na ni vizuri ikataliwe hapo kuliko kusomwa kuwa 850. Ndani ya Java tumia BigDecimal. Double haiwezi kushika kila senti kwa usahihi, na mhasibu ataiona tofauti hata wewe usipoiona.

Wakati una +03:00 mwishoni, nayo si pambo. Aina ya tarehe na saa ya XML inaruhusu sehemu hiyo iachwe, na ikiachwa kila mfumo utakisia wenyewe. Malipo haya yalifanyika saa saba na nusu usiku kuamkia tarehe 1 Julai. Mfumo ukiyahifadhi kwa saa za UTC kisha mtu akasoma tarehe peke yake, yatakuwa ya 30 Juni. Tanzania na Kenya mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Kama chuo chako kinafuata kalenda hiyo, malipo hayo yameshahamia mwaka uliofungwa. Weka sharti kwenye skima kwamba ujumbe usio na tofauti ya saa haupokelewi.

Na sasa mistari miwili ya juu. Benki pamoja na namba ya muamala ndivyo vinavyoutambulisha muamala duniani kote. Namba ya muamala peke yake haitoshi, kwa kuwa benki mbili hazikushauriana zilipochagua namba zao. Lakini kuna jambo zito zaidi la kumalizana nalo kikaoni kabla hujaandika mstari wowote wa msimbo: karani akibonyeza mara ya pili, mfumo wa benki utatuma namba ile ile ya muamala, au utazalisha mpya? Kama unazalisha mpya, hakuna utaalamu wowote upande wako utakaoweza kujua kuwa haya ni malipo yale yale. Malipo mawili ya 850,000 kwa mwanafunzi mmoja ndani ya dakika moja yanaweza kabisa kuwa halali: baba analipa ya muhula huu na shangazi analipa ya ule ujao. Dai benki iahidi kwa maandishi kwamba marudio yatabeba namba ya awali. Wakisita, usilegee.

Kupokea mara moja, kujibu kila mara

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningekuomba utumie sehemu kubwa ya muda wako.

Tengeneza jedwali la miamala kwenye kanzidata yako mwenyewe, si ya mfumo wa uhasibu. Weka sharti la upekee juu ya safu mbili kwa pamoja, benki na nambaMuamala. Ujumbe ukifika, usianze kwa kuuliza kama namba hiyo ipo ndipo uandike. Maombi mawili yakifika kwa wakati mmoja kwenye seva mbili, yote yatauliza, yote yataambiwa haipo, yote yataandika. Anza kwa kuandika. Kanzidata ikikubali, wewe ni wa kwanza. Ikikataa kwa sababu ya sharti la upekee, umeshajua kuwa haya ni marudio, na hukumu hiyo imetolewa na chombo pekee kinachoweza kuitoa bila kubahatisha.

Baada ya kukataliwa, soma safu iliyopo na uilinganishe na ujumbe uliofika. Kiasi na kumbukumbu namba vikilingana, rudisha jibu lile lile ulilotoa mara ya kwanza, na stakabadhi iwe ile ile. Usirudishe kosa la kusema muamala umejirudia. Karani anayesoma neno kosa ataelewa kwamba malipo yamekataliwa, naye atamwambia mzazi hivyo. Kiasi kikitofautiana ilhali namba ya muamala ni moja, hapo kuna jambo baya limetokea upande wa benki. Kataa, na mtaarifu binadamu.

Camel ina kipande cha kuzuia marudio kinachotokana na mtindo ulioelezwa na Gregor Hohpe na Bobby Woolf katika kitabu chao cha 2003, Enterprise Integration Patterns. Ni kipande kizuri, lakini elewa kinachofanya: kikigundua marudio, kinayaruka. Hilo linafaa pale ujumbe unapotoka kwenye foleni na hakuna anayesubiri kujibiwa. Hapa kuna anayesubiri. Ukiruka ujumbe wake bila kumpa jibu la awali, umemrudisha pale pale kwenye kutojua. Tena hifadhi yake ya ndani ya kumbukumbu ya kompyuta husahau kila kitu programu inapowashwa upya, na haishirikiani na seva ya pili. Kwa malipo, tegemea jedwali lako na uandike mwenyewe sehemu ya kurudisha jibu lililohifadhiwa. Haizidi mistari michache.

Jambo la pili katika sehemu hii ni kutenganisha kupokea na kuingiza kwenye vitabu. Operesheni ya PokeaMalipo isiuite mfumo wa uhasibu. Iandike muamala na jibu lake kwenye jedwali, ithibitishe, ndipo ijibu kuwa imepokea. Njia nyingine ya Camel, inayojiendesha yenyewe, isome safu ambazo hazijaingizwa na kuzipeleka kwenye uhasibu moja baada ya nyingine. Mfumo wa uhasibu ukizimwa usiku kwa ajili ya kufunga hesabu, benki haina haja ya kujua. Utashawishika kutumia foleni ya JMS badala ya jedwali: uandike kwenye kanzidata kisha utume kwenye foleni. Jiulize umeme ukikatika katikati ya hatua hizo mbili itakuwaje. Safu iko kwenye kanzidata, foleni haina kitu, na malipo hayo hayatafika kwenye vitabu hadi mzazi aje kulalamika. Jedwali moja linaloandikwa kwa pamoja na jibu halina mwanya huo.

Kumbuka pia kwamba mguu wa pili, kutoka kwako kwenda uhasibu, una tatizo lile lile ulilotatua kwa ajili ya benki, safari hii wewe ukiwa ndiye mbonyezaji. Peleka namba yako ya stakabadhi katika kila ombi, na kabla ya kurudia uliza kama imeshaingizwa. Mfumo wa zamani usipokuwa na mahali pa namba ya nje, mara nyingi utakuwa na sehemu ya maelezo ya muamala. Iweke hapo kwa umbo lisilobadilika ili uweze kuitafuta.

Na usidhani kuwa marudio hutokea kwa mikono ya watu tu. Java yenyewe, kupitia HttpURLConnection, inaweza kutuma upya ombi la POST lililoshindikana bila kukuambia. Tabia hiyo inaongozwa na mpangilio unaoitwa sun.net.http.retryPost, nao huwa umewashwa usipouzima. Uzime kwenye kila programu inayotuma malipo.

Nani asubiri muda gani

Waulize benki: mfumo wao unasubiri sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa? Tuseme 30. Basi kila unachokisubiri ndani kiwe kifupi kuliko hapo. CXF, ikiwa ndiyo inayoita huduma nyingine, husubiri sekunde 30 kuunganishwa na sekunde 60 kupata jibu kama hukubadilisha chochote. Maana yake UliziaDeni yako inaweza kuwa inasubiri uhasibu kwa dakika nzima wakati benki ilishaondoka nusu dakika iliyopita. Maombi ya namna hiyo yakirundikana asubuhi ya siku ya mwisho ya usajili, seva nzima inakwama. Weka 3 za kuunganishwa na 15 za jibu, na ikipita hapo jibu kwa heshima kwamba taarifa hazipatikani kwa sasa.

Kukataa si kuharibika

Tenganisha mambo mawili ambayo waandishi wengi huyachanganya. Mwanafunzi kutokuwepo ni jibu. Kanzidata kutofikika ni hitilafu. Jibu hurudi kama ujumbe wa kawaida wenye msimbo wa matokeo. Hitilafu hurudi kama Fault ya SOAP. Tofauti hii ina matokeo makubwa, kwa sababu katika SOAP 1.1 Fault husafiri na hali ya 500 ya HTTP, na mfumo wa benki uliopangwa kurudia kila unapoona 500 utaendelea kumuulizia mwanafunzi asiyekuwepo usiku kucha.

Misimbo iwe michache, na maneno yanayoambatana nayo mwandikie karani: «Kumbukumbu namba 004512087 haipo. Hakiki tarakimu na mlipaji.» Mlolongo wa makosa ya Java usitoke nje ya seva yako hata kidogo, haumsaidii karani, na unamwonyesha mwenye nia mbaya unatumia nini ndani.

Kuna swali ambalo kila chuo huuliza: mzazi akilipa pungufu au zaidi ya deni, tukatae? Msimamo wangu ni kwamba mahali pa kukataa ni UliziaDeni, kabla fedha hazijatoka mfukoni. Ikifika PokeaMalipo, fedha zimeshalipwa, na kuikataa taarifa hakuzirudishi. Pokea kila malipo yenye kumbukumbu namba sahihi, kiasi chochote kile. Na kama mwanafunzi amefutwa kati ya kuulizia na kulipa, yapokee vilevile na uyaweke kwenye akaunti ya fedha zisizotambuliwa ambako mhasibu atayaamulia. Mfumo unaokataa fedha zilizokwisha kulipwa unawaachia watu wawili wasiokuwa na kosa, mzazi na karani, wagombane dirishani.

Ukiongeza malipo ya simu

Mapema au baadaye chuo kitataka wazazi walipe kwa simu. Huko utaratibu hugeuka: wewe ndiye unayeomba, na jibu la kwanza halisemi kuwa malipo yamefanyika. Katika Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa nchini Kenya, ukituma ombi la kumfungulia mteja dirisha la namba ya siri, unajibiwa mara moja kuwa ombi limekubaliwa. Matokeo huja baadaye kwenye anwani uliyoitaja ndani ya ombi: 0 mteja akilipa, 1032 akighairi. Usitoe stakabadhi kwa jibu la kwanza. Hifadhi ombi lako kabla ya kulituma, na matokeo yakifika na utambulisho usioufahamu usiyatupe. Yanaweza kuwa yametangulia kufika kabla hujamaliza kuandika jibu la kwanza. Yaweke, uyalinganishe dakika chache baadaye.

Mlango na kufuli

Kwa usalama nitataja yale yasiyo na mjadala. Cheti cha kidijitali kiwe pande zote mbili, ili seva yako imtambue benki kama benki inavyoitambua seva yako. Zima usomaji wa DOCTYPE kwenye kichanganuzi cha XML. Kanuni za SOAP zenyewe zinaukataza, na ukiuacha mtu anaweza kutumia ujumbe mmoja kusoma mafaili ya seva yako. Kama ujumbe una saini, ihakiki juu ya ujumbe ulivyofika, kabla hatua yoyote ya Camel haijaupanga upya. Nafasi tupu iliyoongezwa kati ya vipande ili ujumbe usomeke vizuri inatosha kuibatilisha saini halali.

Kumbukumbu za mfumo zihifadhi namba ya muamala, benki, muda na matokeo ya kila ombi. Majina na namba za simu za wazazi zifiche. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na faili la kumbukumbu ambalo kila fundi anaweza kulifungua ni mahali pepesi mno pa kuvujia taarifa za watu.

Majaribio yanayouma

Kwa SoapUI unaweza kutuma ujumbe mmoja na kuona jibu zuri. Hilo halijakupa habari mpya. Tuma ujumbe ule ule mara hamsini kwa wakati mmoja, kwenye seva mbili, kisha hesabu safu: lazima iwe moja, na majibu yote hamsini yabebe stakabadhi ile ile. Weka kituo kwenye msimbo baada ya kanzidata kuthibitisha na kabla jibu halijatoka, uizime programu kwa nguvu hapo, uiwashe, utume tena. Zima mfumo wa uhasibu kwa saa nzima huku malipo yanaingia, uuwashe, uone kama yote yamefika vitabuni na hakuna lililoingia mara mbili. Tuma kiasi chenye mkato, tarehe isiyo na tofauti ya saa, kumbukumbu namba ya tarakimu 8. Waombe benki wafanye sehemu ya majaribio haya kutoka kwenye mfumo wao wa majaribio, maana marudio yao halisi hayatafanana na yale unayoyaigiza wewe.

Hata baada ya hayo yote, usuluhishi wa hesabu wa kila siku unabaki. Kila asubuhi pokea kutoka kila benki orodha ya miamala ya jana na uilinganishe na jedwali lako kwa benki, namba ya muamala na kiasi. Yaliyoko benki na hayako kwako, yaingize kwa njia ile ile ya PokeaMalipo, si kwa mkono moja kwa moja kwenye vitabu, ili yapite kwenye sharti lile lile la upekee. Yaliyoko kwako na hayako benki, yasimamishe na uulize siku hiyo hiyo. Yanayotofautiana kiasi, mpelekee mhasibu mkuu yakiwa na ujumbe kamili uliopokelewa. Anza utaratibu huu siku ya kwanza ya kazi, hata kama malipo ni manne tu, na uwe na jina la mtu mmoja anayepokea orodha hiyo kabla ya saa tatu asubuhi na kuifunga kabla dirisha la benki halijafungwa.